Mafuta ya Meza ya Kwanza

Wageni wawili wa mwisho walikuwa hawajafika, na Bi Tone hakuwa mtu wa kuondoka kabla wageni wake hawajatimia.

Alikaa kwenye kigoda mbele ya mashine ya gesi inayotenganisha mafuta, mikono mapajani, akitazama mstari mwembamba ukijichora kwenye kioo. Mara kwa mara mstari ulipanda ghafla ukawa kilele, kisha ukashuka na kutambaa tena. Kila kilele kilikuwa asidi moja ya mafuta, na kila asidi aliiita kwa hesabu ya kaboni zilizomo ndani yake. Kumi na Sita hufika mapema, mnene, anajaza mlango. Kumi na Nane huja na ndugu zake wanaofanana mpaka unawachanganya. Halafu kimya kirefu, mstari unatambaa tu, mtu asiyejua angedhani karamu imekwisha. Mwisho kabisa, baada ya nusu saa na zaidi, huingia Ishirini na Ishirini na Mbili, wale wanaoitwa omega tatu, ambao kwa ajili yao madaktari huwahimiza watu wale vitu vya baharini. Hao huchelewa kama watu wanaojua kwamba chakula hakiwezi kupakuliwa bila wao.

"Karibuni," alisema kilele cha mwisho kilipopanda. "Mmetuweka sana leo."

Hakuna aliyemcheka, maana alikuwa peke yake. Na hata kama kungekuwa na mtu, kiwanda kizima kilishamzoea. Jina la Bi Tone alilipata juma lake la kwanza pale, miaka kumi na tisa iliyopita, alipokuwa akihesabu matone ya dawa kwa sauti, tone moja, tone mbili, na wanawake wa upande wa pili wa ukuta wakawa wanamwitikia kama darasa. Alikuwa ametoka kiwanda cha sabuni, kijana wa cheti cha kemia na viatu vya kuazima, na alidhani wanamdhihaki. Walikuwa wanamdhihaki kweli. Baadaye wakamzoea, na jina likabaki.

Kiwanda kilikuwa cha kamba, wale wa baharini wenye masharubu marefu, wanaozolewa na meli zinazoburura nyavu juu ya matope ya chini. Ukipita bandari kumi za dunia utakuta viwanda kumi kama hiki: sakafu ileile isiyokauka, buti zilezile nyeupe, barafu ileile inayosukumwa kwa koleo, na wanawake wanaosemana kwa sauti kubwa kuliko mashine. Lugha hubadilika. Matusi ya mapenzi hayabadiliki sana. Kamba wanaingia na vichwa asubuhi, wanatolewa vichwa kwenye meza nane ndefu, wanaoshwa, wanapangwa kwa ukubwa, wanagandishwa, na jioni wako ndani ya maboksi wakisubiri safari.

Kazi ya Bi Tone ilikuwa kusema wana mafuta kiasi gani, na ya aina gani. Alisaga kamba mpaka wakawa uji mzito, akapima gramu tano kwenye mizani iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha vioo ili pumzi ya mtu isiisumbue, akawachanganya na klorofomu na methanoli ndani ya chupa, akatikisa, akaongeza maji ya chumvi, akaacha itulie. Mchanganyiko ulijigawa matabaka mawili, na mafuta yote yalikimbilia tabaka la chini. Alilichota lile la chini, akalipuliza kwa gesi ya nitrojeni mpaka dawa zikaruka zote, na kilichobaki chini ya chupa kilikuwa doa dogo la rangi ya chungwa. Hilo ndilo alilolipima kwanza, kisha akalitayarisha kwa ajili ya mashine. Kamba si mnyama wa mafuta. Ukimtoa kichwa, gramu mia moja za mwili wake hazina hata kijiko kimoja cha chai. Lakini ndani ya hicho kidogo, wale wageni wawili wa mwisho wanachukua nafasi kubwa ajabu, na ndiyo maana wanunuzi walitaka namba ziandikwe kwenye paketi.

Ijumaa hiyo meneja aliingia mwenyewe bila kumtuma mtu. Alikuwa kijana mwenye adabu, anayependa namba zinazolingana, na alishika karatasi mbili kama mtu aliyeshika mikia ya panya wawili.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, bosi. Mbona umenuna hivyo?"

"Hii ni ripoti yako ya kamba wa mwezi uliopita. Mafuta gramu moja nukta saba kwa kila mia. Na hii imetoka kwa maabara ya nje, ile aliyoichagua mnunuzi. Kamba walewale, meli ileile, wiki ileile. Soma."

Bi Tone alisoma. Sifuri nukta tisa. Karibu nusu ya yake.

"Wamekosea," alisema.

"Na wao wamesema hivyohivyo juu yako."

"Nitarudia."

"Rudia. Alhamisi mkaguzi wa mnunuzi anakuja. Paketi haiwezi kuwa na namba mbili, Mama. Akikuta namba zako hazisimami, maabara hii inafungwa, sampuli zetu zote zitakuwa zinapelekwa nje." Meneja aliangalia ncha ya kiatu chake. "Fundi wa rafu ameshakuja kupima chumba. Maboksi hayana pa kukaa. Wewe nitakutafutia nafasi kwenye kufunga mizigo, usiwe na wasiwasi."

"Kufunga mizigo," Bi Tone alirudia, kama mtu aliyeambiwa atapelekwa mwezini.

Meneja alipoondoka, Bi Tone alikitazama chumba chake: hatua saba kwa tano, meza ya saruji, sinki lenye bomba linalodondoka, na lile dirisha dogo la kupitishia sampuli, lililofunguka moja kwa moja kwenye meza ya kwanza. Hapo ndipo kilipotokea, sasa hivi, kichwa cha wifi yake, kimevikwa kofia ya plastiki.

Wifi huyu aliitwa Upesi, na hakuna aliyekumbuka jina lake lingine isipokuwa mama yake na ofisi ya mishahara. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye meza ya kwanza. Kila Ijumaa ubao ulitundikwa mlangoni wenye majina ya watoa vichwa kwa mpangilio wa kasi, na jina la kwanza halikuwa limebadilika tangu ubao uwe wa chaki. Upesi ndiye aliyemchungulia Bi Tone kupitia dirisha lile mwezi mzima, kisha akaenda kumwambia kaka yake, fundi wa majokofu, kwamba kuna msichana pale ndani anahesabu matone na hakosei hata moja, huyo ukimwoa hatakupotezea hata sindano. Ndoa ikafungwa. Tangu hapo Upesi alijihesabia haki ya kuingilia kila kitu.

"Huyo mtoto kakwambia nini?" aliuliza.

"Kasema nikafunge mizigo."

"Wewe? Na mgongo huo?"

"Wifi, kafanye kazi."

"Nafanya kazi huku nikikuuliza. Tazama mikono." Ilikuwa kweli. Mikono yake ilikuwa chini ya dirisha, haionekani, lakini vichwa vya kamba vilisikika vikianguka kwenye ndoo mfululizo, tap, tap, tap, kama mvua inayoanza.

Siku hiyo na Jumamosi Bi Tone alirudia vipimo. Alipokea bakuli la kamba kutoka kwa Upesi, kama kila siku, akasuuza, akasaga, akapima. Moja nukta saba. Akaikagua mizani kwa jiwe lake la gramu kumi: ilisema kumi. Akafungua chupa mpya ya klorofomu: moja nukta sita na nusu. Akaijaribu mashine kwa mafuta ya mfano yaliyokuja na cheti chake, ambayo kila asidi ndani yake inajulikana kiasi: wageni wote walifika kwa wakati wao na kwa idadi yao. Hapakuwa na kosa popote. Jambo hilo lilimtisha kuliko kosa, kwa sababu kosa unaweza kulirekebisha.

Jumapili mchana Upesi alikuja kula, kama ilivyokuwa desturi yake kila alipohisi kuna jambo ndani ya nyumba hiyo ambalo hajaelezwa vya kutosha. Alileta kilo mbili za kamba. Wanawake wawili walikaa barazani na mabeseni, kila mmoja na kilo yake, wakatoa vichwa. Upesi alimaliza kilo yake, akaosha mikono, akajipepea, akapiga mwayo, akasema, "Pole na kazi, wifi," na Bi Tone alikuwa bado hajafika nusu.

"Mimi naosha sufuria, basi," Upesi alisema, "nisije nikazeeka nikikungoja."

Walichemsha kwa chumvi na ndimu, sufuria mbili kwa sababu hapakuwa na kubwa moja, kila mtu na wake. Baba wa nyumba, fundi wa majokofu, alikuja na sahani yake, akapakua huku na huku, akatafuna taratibu kama kawaida yake, kisha akasema lile neno analolisema miaka yote, ambalo kila mara linaharibu chakula.

"Hawa wa dada ni watamu zaidi."

Upesi aliangalia paa kwa unyenyekevu.

"Kamba ni walewale," alisema Bi Tone. "Kilo mbili, mfuko mmoja. Chumvi nimetia mimi kote."

"Sijasema wako ni wabaya, mke wangu."

"Umesema wa dada ni watamu."

"Nimesema ni watamu zaidi. Wana, sijui, wana kitu. Wananata mdomoni."

"Wananata mdomoni," Bi Tone alimwiga. "Miaka kumi na saba nasikia wa dada wananata. Na mie leo nitakuonyesha kwamba huna ulimi, una ukanda tu mdomoni." Aliinuka, akaleta sufuria mbili, akazibwaga mezani mbele ya mumewe. "Haya. Tazama. Wana tofauti gani?"

Mumewe aliinamia, akatazama. Na yeye mwenyewe akainamia, ili amwonyeshe.

Mchuzi wa sufuria yake ulikuwa mweupe, wa kupitisha mwanga. Wa Upesi ulikuwa na rangi ya chungwa, na juu yake yalielea macho madogo ya mafuta, yanang'aa.

Bi Tone alichukua kamba mmoja kutoka sufuria ya wifi yake, akamgeuza, akamtazama shingoni pale kichwa kilipokatika. Palikuwa na kitu kama gundi ya rangi ya kiini cha yai. Akachukua wa kwake. Shingo safi.

"Wifi," alisema polepole. "Kichwa unakitoaje?"

"Kama watu."

"Nionyeshe."

"Si wameshaiva?"

"Yuko mmoja mbichi amebaki kwenye beseni. Nionyeshe."

Upesi akaonyesha. Alishika kichwa kwa vidole viwili, akasokota, akatupa. Muda wake ulikuwa wa kupepesa jicho. Hakuingiza kidole gumba chini ya gamba hata kidogo. Bi Tone, na watu wengine wote aliowahi kuwaona, huingiza kidole gumba, wakabinya, wakakomba, na kile kitu cha njano hutoka pamoja na kichwa. Kile kitu ni ini la kamba, na karibu mafuta yake yote anayaweka humo. Alikuwa ameyasoma hayo chuoni na kuyaandika kwenye mtihani. Hakuwahi kuyaona kwenye mikono ya wifi yake, kwa sababu kwenye dirisha dogo huonekana kichwa cha mtu na bakuli, mikono haionekani.

"Mama yangu," alisema.

"Nini tena?"

"Hakuna. Kuleni."

"Unaona?" Fundi wa majokofu alisema, akijipakulia tena kutoka sufuria ya dada yake. "Nilisema wananata."

Jumatatu Bi Tone alifanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu kiasi kwamba mlinzi alimuuliza kama amepotea. Alivaa buti na aproni, akashika bakuli nane, akatoka maabara, akaenda kwenye meza zote nane. Kitabu cha kazi, kile chenye jalada la bluu alichokuwa amekitumia kuzuia dirisha lisijifunge, kilisema wazi kabisa: sampuli ichukuliwe kutoka kila meza. Miaka yake miwili ya kwanza alikuwa akifanya hivyo. Kisha akaolewa, wifi akawa upande wa pili wa dirisha, na kulikuwa na raha gani ya kuzunguka ukumbi mzima kwenye maji ya barafu wakati bakuli linakujia lenyewe, likiwa na salamu na habari za nyumbani?

Meza ya pili mpaka ya nane: sifuri nukta nane, sifuri nukta tisa, sifuri nukta nane na nusu. Meza ya kwanza, ambako Upesi alikuwa amewafundisha wenzake watatu kusokota kama yeye: moja nukta saba. Alipochanganya zote nane alipata sifuri nukta tisa na nusu, pua kwa pua na maabara ya nje.

Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, mizani ilikuwa nzima, na mikono yake ilikuwa mizima. Kilichokuwa kibovu ni hatua thelathini za kutembea ambazo hakuzitembea. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiandika kwa mwandiko mzuri, kwa tarakimu mbili baada ya nukta, mafuta ya kamba wa wifi yake, akiyaita mafuta ya kamba wa kiwanda.

Akisema, atakuwa amekiri. Asiposema, Alhamisi ataonekana mtu asiyejua kupima, na chumba kitajaa maboksi. Na akisema, si yeye peke yake atakayeguswa. Lile ini la njano ndilo linalomfanya kamba aanze kulainika na kuwa mweusi shingoni hata akiwa kwenye barafu. Meneja akilijua tu, meza ya kwanza itaamriwa kubinya siku hiyohiyo.

Alimkuta Upesi kwenye chumba cha buti, akivua glovu. Alimweleza yote, kwa mkupuo, bila kupumua.

Upesi alicheka mpaka akashikilia msumari wa kutundikia aproni. "Kumbe mimi ndiye ninayewanenepesha!"

"Wifi, si mzaha."

"Nacheka kwanza. Ngoja nimalize." Akamaliza. Akakaa kwenye benchi, akajitazama vidole. "Na ukisema, mimi nitaambiwaje?"

"Utaambiwa ubinye."

"Nibinye. Kama meza ya nane."

"Ndiyo."

"Unajua meza ya nane wanatoa ndoo ngapi kwa siku, wifi? Wale wanatoa vichwa kama wanawafariji." Hakuwa anacheka tena. "Nikibinya, ubao wa Ijumaa nitakuwa wa ngapi? Wa tano? Wa sita? Miaka ishirini na miwili, mtu akipita mlangoni anasoma jina langu."

Bi Tone alikaa naye benchi moja, buti nne zikidondosha maji. Upesi alijiondokea bila kuaga, na Jumanne nzima hakuna kichwa kilichotokea dirishani. Bakuli halikuja. Jumatano asubuhi pia halikuja, na Bi Tone alijikuta anahesabu matone kimoyomoyo tu, asije akasikika.

Jumatano mchana dirisha liligongwa.

"Sema," alisema Upesi. Macho hakuyainua. "Lakini useme mbele yangu. Nataka nisikie unanisema vizuri."

"Nitakusema vizuri."

"Na usiniite mfano. Meneja anapenda sana neno mfano. Niite mtu."

Mkaguzi aliyekuja Alhamisi alikuwa mzee mrefu mwenye daftari dogo na leso kubwa. Amekagua kamba kwenye bandari nyingi, alisema, na hajawahi kula hata mmoja, kwa sababu akimla anavimba uso kama puto. Alilisema bila huzuni, kama mtu anayetaja urefu wake. Meneja alimkaribisha kiti. Bi Tone hakukaa. Upesi alisimama mlangoni, aproni imelowa, mikono kifuani.

"Kabla hujaanza, mzee wangu," Bi Tone alisema, "namba zangu zilikuwa sahihi na ripoti zangu zilikuwa na kosa. Kosa ni langu."

Akaeleza. Dirisha, bakuli, kitabu cha bluu, meza nane. Alipofika kwenye kusokota na kubinya, Bi Tone alimgeukia wifi yake. "Huyu ndiye mtoa vichwa mwenye kasi kuliko wote hapa. Hakuna aliyemkataza kusokota, na hakuna aliyejua, hata mimi niliyesomea. Aliniruhusu niwaambie."

Upesi alitingisha kichwa kidogo. Amesemwa vizuri.

Mkaguzi aliandika, kisha akafuta. "Mama, nimeelezwa mambo mengi katika kazi hii. Nimeambiwa kosa ni la mizani, la umeme, la meli, la mwezi mpevu. Sijawahi kuambiwa mafuta yapo kwenye kidole gumba cha mtu."

"Yapo pale kidole gumba kinapokosekana."

"Unaweza kunionyesha?"

"Wewe ndiye utakayenionyesha. Mchukue wifi yangu, nenda naye mezani. Atoe vichwa kwa njia mbili, utakavyopenda wewe. Paka alama zako mwenyewe kwenye bakuli. Mimi nitakaa humu na mlango nimefunga. Nikikosea hata bakuli moja, mwite fundi wa rafu."

Meneja alikohoa. Mkaguzi, kwa mara ya kwanza, alitabasamu.

Yalikuja mabakuli sita, yameandikwa herufi kwa kalamu nyekundu. Bi Tone aliosha kamba wa kila bakuli kwenye maji yanayotiririka, tena kwa muda, ili asiweze kusingiziwa kwamba amesoma shingo kwa macho. Hata hivyo ile gundi hainawiki kirahisi. Akawasaga wote. Wakishasagwa, kamba wote hufanana. Akapima, akatikisa, akasubiri matabaka yagawanyike. Mkaguzi alikaa kwenye kigoda cha mashine, magoti karibu na kidevu, akimtazama akihesabu.

"Tone moja," alisema Bi Tone, kwa sauti. "Tone mbili."

Upande wa pili wa dirisha, sauti ya kwanza iliyojibu ilikuwa ya Upesi. "Tone tatu!" Kisha meza ya kwanza yote, kisha ya pili, mpaka ukumbi mzima ukawa unahesabu matone ambayo haukuyaona, na meneja akatoka kwenda kuwanyamazisha, akarudi bila kufanikiwa.

Ilichukua mpaka saa tisa alasiri. Chini ya chupa sita yalibaki madoa sita. Aliyapima yote mara mbili, akaandika kwenye karatasi, akampa mkaguzi. Mkaguzi alitoa daftari lake, akalinganisha, kidole kikishuka polepole. A, kubinya. B, kusokota. C, kusokota. D, kubinya. E, kubinya. Kidole kilisimama kwenye F.

"Hapa umeandika nini? Hujasema kubinya wala kusokota."

"Nimeandika nusu kwa nusu. Namba yake iko katikati. Nadhani mmewachanganya."

Mkaguzi alifunga daftari. "Ni wifi yako aliyetaka tuchanganye. Alisema akipatia na hilo, basi hata yeye ataamini."

"Wewe!" Bi Tone alipaza sauti kuelekea dirishani.

"Nilitaka wajue tunaoa watu gani nyumbani kwetu!" Upesi alijibu kutoka mezani, na meza ya kwanza ikavunjika mbavu.

Walisubiri mashine nayo iseme neno lake. Mkaguzi alitaka kuwaona wageni wa mwisho, kwa hiyo Bi Tone aliwatambulisha mmoja mmoja walivyoingia, na mzee yule asiyeweza kuonja kamba alikaa mbele ya kioo akawangoja Ishirini na Ishirini na Mbili kama anayemngoja mtu kituoni. Walipopanda alisema, "Ahaa," kwa upole.

Kisha akamgeukia meneja. Namba ya paketi iwe ya meza zote nane. Ripoti za nyuma ziandikiwe barua ya masahihisho, na barua hiyo aiandike Bi Tone mwenyewe na kuitia sahihi. Kusokota kukome. "Na maabara?" meneja aliuliza. Mkaguzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama bahari ibaki. Maabara ya nje, alisema, ilimpa namba moja na ankara. Hapa amepewa sababu. Ibaki. Fundi wa rafu alipigiwa simu jioni hiyo, akaambiwa atafute ukuta mwingine.

Barua ya masahihisho Bi Tone aliiandika Ijumaa, ukurasa mzima, na ilimchoma kila mstari. Jumatatu iliyofuata alivaa buti, akachukua bakuli lake na kutoka kwenda ukumbini. Meza ya nane walimlaki kwa vigelegele vya kumkejeli, wakitaka kujua kama wao sasa ndio wenye afya kuliko wote, na Bi Tone akawaambia wana mafuta kidogo kuliko wote, na wakabishana kwa muda kama hiyo ni sifa au tusi. Meza ya tano walimpa kamba wenye vichwa, makusudi. Meza ya tatu walimuuliza kama njia anaijua.

Alifika meza ya kwanza mwisho. Ubao wa Ijumaa, uliohesabu siku ya kwanza ya kubinya tu, ulimweka Upesi wa sita, na alikuwa anabinya kwa hasira, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Usiseme kitu," alisema bila kuinua uso.

"Sijasema."

"Unataka kusema."

"Nataka kamba watatu tu, wifi."

Upesi alimpa watatu. Bi Tone aliwageuza mmoja mmoja kwenye mwanga, akaangalia shingo. Wa kwanza alikuwa safi. Wa pili alikuwa safi. Wa tatu alikuwa na ukingo mwembamba wa rangi ya yai. Akamrudisha mezani.

"Huyu urudie."

"Mbele za watu, wifi?"

"Mbele za watu."

Meza ya kwanza iliinua shingo kusubiri. Upesi alimtazama yule kamba, akamtazama mke wa kaka yake, akaguna, kisha akaingiza kidole gumba, akakomba mpaka mwisho, na kumtupia bakulini.